Mbulgaria wa Nairobi aliyemkalisha Bombay barazani

Mwaka wangu wa kwanza München nilikuwa napiga zamu ya usiku kwenye ghala moja nje ya mji. Wabongo tukiwa ughaibuni tunasema "nabeba boksi" hata kama mtu anaosha vyombo au anatunza wazee, ila mimi nilikuwa nabeba boksi kwelikweli, kilo 20, kilo 25, unalitoa kwenye mkanda unaligeuza unalipanga kwenye paleti, linalofuata lishafika, na asubuhi saa 12 natoka kwenda kupanda treni mikono inatetemeka, nikishika simu siwezi hata kuandika meseji. Jumamosi nilikuwa naenda maktaba ya mtaa, kwanza kuna joto la bure, halafu mwalimu wetu wa Kijerumani alishasema tusome chochote hata kama hatuelewi. Siku hiyo nikavuta kitabu kinene tu, sikumbuki hata kwa nini kile, nikafungua katikati nikaona neno Sansibar. Nikarudi nyuma kutafuta sura inapoanzia.

Nikamkuta mzee amekaa nje ya nyumba yake Unguja, wanaume wenzake wamekuja kukaa naye kama kawaida yao ya jioni, na anawasimulia safari zake za bara alizoenda na wazungu. Wenzake hiyo hadithi wameshaisikia mara nyingi, kwa hiyo wanamkatiza, wanamuuliza, wanambishia, na mke wake yuko ndani anasikia kila kitu, akitaka kutia neno anatia na mzee hana la kumfanya. Yani baraza. Baraza kabisa kama ile ya nyumbani kwa babu yangu Bagamoyo, mkeka, kahawa, na mtu mmoja anayejifanya yeye ndo alikuwepo. Nilisoma ukurasa mmoja kwa dakika 40 na kamusi ya simu, nimesimama katikati ya rafu, viti viko pale hata sikuviona.

Yule mzee ni Sidi Mubarak Bombay, na sio wa kutungwa, alikuwepo. Kwa waliosoma historia kwa kukariri kama mimi, tuliyakariri Burton, Speke, Livingstone, Stanley, majina ya wazungu na miaka yao na ziwa gani nani "aligundua". Bombay hatukumkariri. Alikuwa Myao, alikamatwa mdogo akauzwa utumwani, akapelekwa mpaka Gujarat kule India, bwana wake alipokufa akawa huru akarudi zake Zanzibar, na 1857 Burton na Speke walipokuja kutafuta chanzo cha Nile ndo wakampata. Baadaye akaenda na Speke na Grant, 1871 akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone, halafu akaondoka na Cameron toka pwani yetu mpaka pwani ya Angola. Ameivuka Afrika kwa miguu, toka bahari mpaka bahari. Na kitu kilichoniua kabisa nilipokisoma, Bombay na Speke walikuwa wanaongea Kihindi, kwa sababu ndo lugha pekee waliyokuwa nayo wote wawili.

Sasa nikageuza jalada nijue nani kaandika. Jina Ilija Trojanow. Nikasema huyu Mjerumani atakuwa na asili ya Urusi. Kumbe Mbulgaria. Na kumbe amekulia Nairobi.

Nataka niandike kuhusu huyu mtu kwa sababu kila ninapomsoma kwenye magazeti ya huku, Nairobi inapita kwenye mstari mmoja, "alitumia sehemu ya utoto wake Kenya", halafu wanaendelea na Berlin na Leipzig na tuzo. Mimi naona ule mstari mmoja ndo umebeba kila kitu kilichofuata.

Kazaliwa Sofia mwaka 1965. Bulgaria ya wakati ule iko chini ya Todor Zhivkov na chama chake cha kikomunisti, mpaka umefungwa, polisi wa siri wana faili la kila mtu. 1971, mtoto ana miaka sita, wazazi wanamchukua wanatoroka kupitia Yugoslavia na Italia, wanafika Ujerumani Magharibi wanapewa hifadhi ya kisiasa. Mwaka unaofuata baba yake, ambaye ni injinia, anapata kazi Kenya na familia nzima inahamia Nairobi. Wakakaa kule mpaka 1984, ukitoa miaka michache katikati ambayo mtoto alirudishwa Ujerumani. Alisoma Shule ya Kijerumani ya Nairobi. Hebu fikiria huyo mtoto, nyumbani Kibulgaria, darasani Kijerumani, mjini Kiingereza na Kiswahili, na nchi aliyozaliwa hawezi kuikanyaga kwa sababu wazazi wake kule wanahesabika wasaliti.

Na usidhani kutoroka ilikuwa ndo mwisho wa habari. Kulikuwa na Mbulgaria mwingine, Georgi Markov, mwandishi wa riwaya na tamthilia, mtu mkubwa kwao, akaondoka 1969 akaishia London akawa anatangaza BBC na kwenye redio zingine, anaongea wazi kuhusu Zhivkov na watu wake. Septemba 1978 amesimama kituo cha basi karibu na daraja la Waterloo, akasikia kitu kimemchoma pajani, kugeuka anaona mtu anaokota mwavuli. Siku 4 baadaye amekufa, wakamtoa kijipande kidogo cha chuma kilichokuwa na sumu ya risini, kidogo kuliko punje ya uwele. Alikuwa na miaka 49. Kwa hiyo Mbulgaria kuandika akiwa nje haikuwa suala la kutafuta maisha tu, ilikuwa ni kujua kwamba mkono wa nyumbani unaweza kukufikia kituo cha basi.

Trojanow alikuwa na miaka 13 hivi wakati huo. Baadaye akaenda Paris kidogo, akarudi München kusoma sheria na etnolojia, yani elimu ya jamii za watu na mila zao, akaacha bila kumaliza. Na hapa ndo kazi yake inaanza kwa namna ambayo mimi naipenda kuliko tuzo zake zote. Hakuanza kwa kujiandika. Mwaka 1989 alianzisha nyumba ya uchapishaji, 1992 akaanzisha ya pili, na kazi yake ilikuwa kuwaleta waandishi wa Kiafrika kwa wasomaji wa Kijerumani. Kijana wa miaka 24! Ile ya kwanza aliipa jina la Kyrill na Method, wale ndugu wawili watakatifu ambao Wabulgaria wanawaheshimu kama watu waliowapa Waslavi maandishi, mpaka leo tarehe 24 Mei kwao ni sikukuu, watoto wa shule wanaandamana na maua. Akachukua hilo jina la nyumbani kwao akalibandika kwenye kazi ya kubeba maneno ya Waafrika. Kitabu kimoja cha miaka hiyo alikiandaa na Chenjerai Hove wa Zimbabwe, walienda wakakaa na wazee wa vijijini wakawasikiliza. Kukaa na kusikiliza wazee, tena. Unaona inapoelekea.

Riwaya yake ya kwanza ikatoka 1996 akiwa na miaka 31, jina lake ukiliweka kwa Kiswahili ni kama "Dunia ni kubwa na wokovu umejificha kila kona". Ni familia inayotoroka toka Bulgaria inaishia kwenye kambi ya wakimbizi Italia, na yule mtoto akishakua amekaa Ujerumani hana hamu na chochote, kalala tu na maisha yanapita, mpaka anakuja mzee Bai Dan toka nyumbani, mcheza dadu, anamwinua kitandani wanaondoka kuzunguka dunia kwa baiskeli ya watu wawili. Stephan Komandarev aliitengenezea filamu 2008 ikaenda mbali sana, ilifika kwenye orodha fupi ya filamu 9 za Oscar za lugha za kigeni. Mimi filamu niliiona kabla ya kusoma kitabu na nililia pale kambini, kwa sababu nimewaona watu wa namna ile kwa macho yangu, mtu alikuwa injinia kwao sasa anasubiri foleni ya supu na anaogopa kumwangalia mtoto wake usoni.

Mwaka 2000 wakampa tuzo ya Chamisso, ambayo walikuwa wanawapa watu wanaoandika kwa Kijerumani na sio lugha ya mama yao. Nilipojua kuna tuzo kama hiyo nilikaa nikaifikiria sana. Maana huku ukifungua mdomo tu wanakuuliza unatoka wapi, halafu kumbe kuna watu walifungua mdomo hivyohivyo na Kijerumani chenyewe kikapata faida.

Basi mwisho wa miaka ya 90 jamaa akahamia Mumbai, akakaa miaka mpaka 2003, halafu Cape Town, siku hizi yuko Vienna. India alienda kwa sababu ya Burton. Alikuwa anamfuata yule Mwingereza hatua kwa hatua, kila alipopita na yeye apite. Burton aliingia Makka 1853 kwa kujificha, amejifanya mtu mwingine, Trojanow akaenda hija 2003 pamoja na Waislamu wa India na akaandika kitabu kizima kuhusu hiyo safari. Na kwetu Tanzania alitembea kwa miguu kufuata ile njia ya msafara. Kwa miguu. Mimi ni mtoto wa Bagamoyo, nimekulia kwenye mji ambao kila mtalii anaoneshwa pale misafara ilipoanzia, na sijawahi hata siku moja kuwaza kuifuata mpaka Chalinze.

Matunda yake ndo kile kitabu nilichokivuta kwenye rafu, Der Weltensammler, "Mkusanya Dunia" ukitaka, kilitoka 2006 kikapata tuzo ya maonesho ya vitabu ya Leipzig mwaka huohuo. Kina sehemu tatu, India, Arabuni, Afrika Mashariki, na kila sehemu Burton anatembea upande mmoja na upande wa pili kuna watu wanamzungumzia. Sehemu ya India mtumishi wake anamlipa mwandishi wa barua amwandikie habari zake, na jina la sehemu yenyewe ni "Hadithi za mwandishi wa mtumishi wa bwana", yani bwana anakuja wa mwisho kwenye mstari. Sehemu ya Arabuni ni maofisa wa Kituruki wanafanya uchunguzi, nani huyu aliyeingia Makka, alikuwa mpelelezi au alikuwa na imani. Na ya tatu ndo baraza la Bombay.

Kiukweli siwezi kusema kitabu hakina kosa hata moja. Sehemu ya India ni ndefu, kuna mahali mwandishi mwenyewe amependezwa mno na Burton, anamwachia Burton awe mwerevu kila ukurasa, na nilichoka. Ila ukifika Unguja pumzi inabadilika. Kule India mtumishi anahitaji mtu wa kumwandikia, kule Arabuni watu wanaandikiana barua za ofisini, Unguja hakuna anayeandika chochote. Mzee anaongea tu. Na huwezi kuandika baraza namna ile kama hujawahi kukaa nje ya nyumba ya mtu jioni ukiwa mdogo, unasikia watu wazima wanavyokatizana na hakuna anayekasirika. Hiyo hawaifundishi chuo kikuu cha München. Wajerumani wanasema amejifunza kwenye utafiti, mimi nasema Nairobi ilikuwa imeshamfundisha kukaa kimya watu wanapoongea.

Na kuna hili. Msafara wa 1857 uliposhukia Kaole, kilomita kama 5 tu toka nyumbani kwetu, ulikuwa na wazungu wawili na watu weusi wengi wamebeba mizigo, nguo, shanga, waya wa shaba, vyombo vya kupimia. Walipofika Ziwa Tanganyika Februari 1858 Burton alikuwa mgonjwa miguu haifanyi kazi, anabebwa, na Speke macho yamevimba haoni vizuri. Kwa hiyo wazungu wawili waliokwenda "kugundua" ziwa, mmoja hatembei mwingine haoni. Waliolitazama vizuri siku ile ni wapagazi. Nililisoma hilo nikiwa kwenye treni ya saa 12 natoka ghalani, mikono inauma, nikafunga kitabu nikaangalia nje.

Nikampigia mjomba Bagamoyo jioni yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu, baridi inasemaje huko?"

Nikamweleza yote, Bombay, Kaole, baraza, mke anayejibu toka ndani. Akanyamaza nikadhani mtandao umekata.

"Huyo aliyeandika ni nani?"

"Mbulgaria, mjomba. Amekulia Nairobi. Kaandika kwa Kijerumani."

"Sasa Mbulgaria amejuaje kama mke wa mtu hutia neno toka ndani?"

Sikuwa na jibu zaidi ya hilo la Nairobi. Maana ukilipanga linazungusha kichwa, Mbulgaria anaandika kwa Kijerumani maneno ambayo Myao aliyasema kwa Kiswahili kuhusu Waingereza aliokuwa anaongea nao Kihindi. Na yote yamefika salama mpaka kwa mjomba wangu.

Baada ya hicho nilitafuta kila alichoandika, vingine nilivipitia haraka. Kuna cha mtaalamu wa barafu anayepanda meli ya watalii kwenda Antaktika huku moyo wake umevunjika kwa sababu barafu aliyoichunguza maisha yake yote imeyeyuka, kilitoka 2011. Kuna kile alichofanya mazoezi ya michezo 80 ya Olimpiki yeye mwenyewe, nguvu za ajabu. Ila cha 2015 ndo kilinirudisha kwenye kiti. Kinaitwa "Mamlaka na Upinzani" ukikitafsiri, na kinarudi Bulgaria. Kuna wazee wawili, Konstantin ambaye ujana wake alilipua sanamu la Stalin akafungwa na kuteswa, na Metodi ambaye alikuwa ofisa wa upande wa serikali. Serikali ile ilianguka Novemba 1989, lakini Metodi anaishi vizuri tu na Konstantin anaishi kwenye chumba kidogo anahangaika kuomba mafaili yake kwenye hifadhi za nyaraka, anataka kujua nani alimchoma. Trojanow alikaa miaka na wafungwa wa kisiasa wa zamani, 2007 alitengeneza hadi filamu ya matukio halisi kuhusu wao, na kitabuni kaweka nyaraka halisi za polisi wa siri katikati ya hadithi, zile ripoti kavu za "mlengwa alionekana saa fulani". Unasoma unasikia baridi mgongoni.

Na mtu aliyetoroka nchi ya mafaili akiwa na miaka sita akaja kukuta mafaili mbele. 2009 aliandika na mwandishi mwenzake Juli Zeh kitabu cha kupinga serikali kuwapeleleza raia wao, 2013 akawa mmoja wa waandishi waliopiga kelele kuhusu shirika la ujasusi la Marekani kunasa mawasiliano ya watu. Septemba mwishoni mwaka huo yuko uwanja wa ndege Salvador, Brazil, anaelekea Denver kwenye mkutano wa wasomi wa mambo ya Kijerumani, anaambiwa hapandi, na hakupewa sababu. Magazeti ya Ujerumani yaliwaka. Mimi nilipoisoma nilikumbuka jinsi nilivyosimamishwa pembeni uwanja mmoja wa ndege huku Ulaya, saa mbili na nusu, pasipoti imeondoka na mtu na hakuna anayekuambia kitu, unaangalia watu wa ndege yako wanavyopita wanaisha.

Kitabu chake kidogo cha 2017, "Baada ya Kutoroka", nakiweka kando ya kitanda. Vipande vifupi vifupi vyenye namba, nusu ya kwanza maumivu ya mtu aliyeng'olewa, nusu ya pili neema zake, na namba za nusu ya pili zinahesabiwa kurudi nyuma. Anasema ukishakuwa mkimbizi huo ukimbizi unabaki nao maisha yako yote, hata ukipata pasi, nyumba, tuzo. Lakini hakubali kwamba ni hasara tupu, na hapo ndo nampendea, hajilizilizi. Mtu ana lugha tatu nne, ana miji mitano, halafu bado anaulizwa "nyumbani ni wapi" kama vile lazima kiwe kimoja.

Nimetafuta vitabu vyake kwa Kiswahili sijapata. Lile baraza limeandikwa kwa Kijerumani, limetafsiriwa Kiingereza na lugha nyingine, na watu wa pekee wasioweza kulisoma kwa lugha ambayo Bombay mwenyewe alilisimulia ni sisi. Hilo linaniuma kwa kweli, na wachapishaji wa Dar, Nairobi na Unguja kama mnasoma hapa, tafadhali, tafuteni haki zake. Nipo tayari kufanya kazi hata ya kusahihisha bure.

Kwa sasa natafsiri mwenyewe kwa ajili ya mjomba tu, usiku nikiwa sina zamu, nasoma kwa sauti natuma voisi ya WhatsApp, na yeye anazisikiliza jioni na wenzake nje pale. Juzi karudisha voisi, nyuma naisikia pikipiki inapita na mtu anacheka.

"Mwanangu, unasema wabeba mizigo, wabeba mizigo. Sema wapagazi. Babu yako alisema wapagazi. Na yule mama wa ndani leo umemsahau? Hajasema kitu?"

Kasema, mjomba. Nilikuwa nimechoka nikaruka. Nimefuta pale pote nimeandika wapagazi, na mama nimemrudisha, nakutumia kesho.